Nyumba ya Shangazi, Raskazone, Tanga: Shajara ya Usafi na Matengenezo

Jumamosi, 18 Januari 2025

Leo sikushika fagio. Nimezunguka nyumba nzima na daftari, penseli na tochi, nje kwanza halafu ndani, nikiandika kila ninachokiona. Hotelini, nilikokuwa nikifanya kazi ya usafi, tulikuwa na fomu ya ukaguzi kwa kazi hiyo. Hapa nimechora vyumba kwa mkono na kuvipa namba.

Nyumba ni ya mwaka 1978: matofali ya saruji, paa la bati, sakafu ya tarazo vyumba vyote, madirisha ya luva yenye nondo. Bahari iko mwendo wa dakika tano kwa miguu, na upepo wa kaskazi unaleta chumvi mpaka barazani. Shangazi alihamia kwa binti yake Muheza miaka miwili na nusu iliyopita. Tangu hapo jirani amekuwa akifungua mara mojamoja, anapiga fagio sebuleni, anafunga. Sasa Shangazi anataka kurudi kwake kabla ya mfungo, na Ramadhani inaanza mwanzoni mwa Machi. Nina wiki sita, ila za kazi hasa ni siku za mwisho wa wiki na likizo yangu ya siku kumi.

Niliyoyaona nje: gata la upande wa magharibi limejaa majani ya mwembe, na ndani yake umeota mche wa mwarobaini wenye urefu wa mkono. Uani sakafu imekuwa ya kijani na inateleza. Nondo za madirisha zimekula kutu. Fremu ya mlango wa stoo ina njia za udongo za mchwa. Ndani: harufu ya popo, doa la kahawia kwenye dari ya sebule, bomba la jikoni linadondosha, na kuvu jeusi kwenye ukuta wa chumba cha Shangazi, kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, upana kama wa kitanda.

Nikampigia simu kumpa taarifa.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umefika salama? Umeuona ukuta wangu?"

"Nimeuona."

"Huo nimeupaka rangi mara nne. Kila Idi napaka, kila masika unarudi. Nikajua basi, una wenyewe."

Nimecheka, lakini nimeandika kwenye daftari: mara nne. Nilipaswa kusimama hapohapo nikafikiri. Sikusimama.

Jumapili, 19 Januari

Kazi ya usafi huanza juu, ishuke. Ukianza na sakafu ukamalizia na dari, utaifanya sakafu mara mbili. Kwa hiyo leo ni popo.

Jana jioni nilikaa uani kuanzia saa kumi na mbili na nusu kuangalia wanatokea wapi. Wanatokea kona moja tu, pale bati linapokutana na ukuta, nafasi ya vidole viwili. Nilihesabu 23. Mianya mingine yote nimeiziba leo kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Ile kona sikuiziba, nimetundika kipande cha chandarua kilichofungwa juu na ubavuni, chini kiko wazi. Popo akitoka anateleza chini ya chandarua, akirudi anagonga kitambaa. Ukiziba moja kwa moja, waliobaki ndani watakufa darini, na harufu yake ni bora popo wazima.

Kinyesi chao hakifagiliwi kikavu. Vumbi lake linaweza kuwa na vimelea vya kuvu vinavyoingia mapafuni. Nilivaa barakoa nzito na glavu, nikakinyunyizia maji yenye sabuni kidogo mpaka kikalowa, nikakizoa kwa koleo dogo kwenye mifuko. Mifuko sita ya saruji. Kijana anayenisaidia, mtoto wa jirani, alipoona nimejifunika vile aliniuliza kama kuna ugonjwa. Nikamwambia upo kwa asiyejifunika.

Doa la kahawia la sebuleni liko chini ya msumari wa bati ambao mpira wake umekauka na kupasuka. Fundi bati atabadilisha misumari ya safu hiyo.

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya vumbi, kisha siku ya maji. Utaratibu huu sikuutunga mimi: kwanza vyote vinavyoondoka vikiwa vikavu (buibui, vumbi, mchanga, mabaki ya mende), ndipo maji yaingie. Vumbi likikutana na kitambaa kibichi linakuwa tope, na tope ndilo linaloacha michirizi ukutani.

Luva zimenichukua saa tatu. Kila dirisha lina vioo 8, madirisha yako 9. Nimevitoa vyote kwenye vishikio, nikavilaza kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikaviacha dakika 20 huku nikipiga brashi vishikio vyenyewe. Vilipotoka vilihitaji kufutwa tu. Matone ya rangi ya zamani niliyatoa kwa wembe, kioo kikiwa kimelowa na wembe umelala. Wembe kwenye kioo kikavu unakwaruza.

Hizo dakika 20 ndizo elimu niliyotoka nayo hotelini. Mjerumani mmoja, Herbert Sinner, aliyekuwa mtaalamu wa kemia wa kampuni ya Henkel, aliieleza mwaka 1959 kwa mchoro wa duara lenye vipande vinne: dawa, nguvu ya kusugua, joto na muda. Ukipunguza kipande kimoja, lazima kingine kiongezeke ili uchafu utoke. Msimamizi wetu wa kwanza alikuwa amelibandika duara hilo kwenye mlango wa stoo ya usafi. Wanawake wa Tanga wanaoroweka sufuria lililoungua usiku kucha wanalijua duara bila mchoro. Maji ya moto yanataka mkaa au umeme, dawa inataka hela, kusugua kunataka mgongo. Muda ni wa bure, na ndio watu wanaoubania kuliko vyote: wanapulizia na kufuta hapohapo.

Jioni nikaingia kwenye ukuta wa Shangazi kwa kujiamini. Kwanza sabuni na maji, kwa sababu jiki ikikutana na uchafu inamalizia nguvu zake kwenye uchafu kabla ya kulifikia kuvu. Kisha jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, madirisha wazi, nikaipaka kwa brashi na kuuweka ukuta umelowa kwa dakika 15, nikasuuza. Ukuta ukawa mweupe kama ganda la yai. Nikaupiga picha nikamtumia Shangazi. Akajibu kwa sauti: "Maashallah, mkono wako mwepesi."

Jumapili, 26 Januari

Jikoni. Mafuta yaliyoganda juu ya kabati yametoka kwa maji ya moto na magadi, na muda. Bomba lilikuwa na wosha iliyokufa, tumenunua nyingine, dakika kumi. Friji ilifungwa na mlango wake miaka miwili na nusu, nisieleze. Raba ya mlango ilikuwa na kuvu kwenye mikunjo, nimeichokonoa kwa mswaki wa zamani. Sasa iko wazi, na bakuli la mkaa ndani.

Nimempa kijana vitambaa vyake vinne: chekundu cha choo, cha njano cha sinki la bafuni, cha kijani cha jikoni, cha bluu cha vyumba. Kitambaa cha choo hakitoki chooni hata kikifuliwa mara mia. Nikamwonyesha kukunja: mara mbili, unapata kurasa nane safi, unageuza kila moja ikichafuka. Alikuwa amezoea kufuta nyumba nzima kwa upande mmoja na kusuuza kwenye ndoo ileile.

Jumamosi, 1 Februari

Kuvu limerudi. Siku saba tu. Vidoadoa vya kwanza vimetokea palepale juu ya ukingo wa sakafu, na mahali pengine ukuta umeota manyoya meupe laini, chumvi, yanayopukutika ukiyagusa.

Aibu niliyoiona ni yangu peke yangu, maana Shangazi bado anawaonyesha watu ile picha huko Muheza. Hotelini kazi yangu iliishia kwenye doa. Nikiona ukuta unarudia, nilikuwa najaza karatasi, inakwenda kwa mafundi wa matengenezo, nami naendelea na chumba kinachofuata. Miaka tisa nimefuta madoa ambayo chanzo chake alikitafuta mtu mwingine. Hapa huyo mtu mwingine hayupo. Nimefanya alichofanya Shangazi, tofauti yetu ni kwamba yeye alitumia rangi na mimi jiki.

Kwa hiyo leo nimeanza upya. Swali ni moja: maji haya yanatoka ukutani, au ni unyevu wa hewa ya chumba unaotua juu ya ukuta? Kuna njia ya kuuliza isiyo na gharama. Nimekata mfuko wa nailoni wazi, kipande cha kama sentimita 45 kwa 45, nikakausha ukuta kwa kitambaa na feni, nikakibandika kwa gundi ya utepe pande zote nne pasipo mwanya. Kingine nimekibandika kwenye ukuta mkavu wa upande wa pili wa chumba ili nipate cha kulinganisha. Kesho nitatazama maji yako upande gani wa nailoni.

Nilikagua nje ya ukuta huo pia. Gata haliko upande huo. Udongo wa nje uko chini ya usawa wa sakafu, mvua haijanyesha tangu Desemba. Nyuma ya ukuta huo kuna bafu.

Jumapili, 2 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi. Nailoni ya ukuta mkavu: hakuna kitu pande zote. Nailoni ya ukuta wenye kuvu: nje kavu, ndani, upande unaogusa ukuta, matone yamejipanga kama jasho juu ya mdomo. Maji yanatoka ndani ya ukuta.

Hatua ya pili ni kujua bomba lipi. Maji ya mamlaka yanapita kwenye mita, yanakwenda kwenye tangi la lita 1000 lililo juu ya mnara, kutoka hapo yanashuka bafuni na jikoni. Jana usiku tangi lilipojaa na boya kufunga, nilifunga na valvu ya kuingiza maji tangini, nikapiga picha ya mita. Asubuhi tarakimu zilikuwa zilezile, hata ile sindano ndogo nyekundu haikusogea. Bomba la kutoka mita hadi tangi ni zima.

Leo nimefunga valvu ya kuingiza maji, nimefunga koki zote, nikaweka alama ya chaki ndani ya tangi kwenye usawa wa maji saa mbili usiku. Nalala hapahapa kwenye mkeka, nisije nikamsingizia mtu kuwa amefungua bomba.

Jumatatu, 3 Februari

Usawa umeshuka vidole viwili. Kwa upana wa tangi lile ni kama ndoo moja na nusu kwa usiku mmoja. Siku kumi ndoo kumi na tano, na zote zinakunywewa na ukuta wa Shangazi.

Fundi bomba alifika saa nne. Mzee wa makamo, hana maneno. Aliweka kiganja kwenye vigae vya bafu, akakisogeza polepole kama daktari anayetafuta wengu, akagonga kwa kitako cha bisibisi, akasema, "Hapa." Tukavunja vigae vitatu. Bomba la chuma la zamani, na kwenye elbo kutu imekula mpaka imebaki kama biskuti. Maji hayakuwa yanaruka, yalikuwa yanatoka tone, yanatulia, tone. Ukisimama bafuni husikii chochote.

"Hili lina miaka mingi linalia," akasema. "Wenyewe walikuwa wanapaka rangi upande wa pili, eh?"

Sikumjibu. Amebadilisha kipande chote mpaka kwenye koki, amefunga bomba la plastiki la kuunganishwa kwa moto. Akaniambia vigae tusivirudishe sasa. Tundu liachwe wazi, ukuta upumue pande mbili.

Jumanne, 4 Februari

Kwa kuwa tangi limeshamwagwa, nimelisafisha. Chini kulikuwa na tope laini la unene wa kidole na mjusi mmoja wa zamani. Sikuingia ndani, ni brashi yenye mpini mrefu kupitia mdomo wa juu, na sabuni haikutumika kwa sababu kuisuuza ndani ya tangi ni kazi isiyoisha. Tope lote lilitokea kwenye tundu la chini.

Kisha dawa. Jiki niliyonayo lebo inasema asilimia 3.5. Tangi la lita 1000 likijaa, unatia lita moja na nusu, inakupa kama miligramu 50 za klorini kwa kila lita. Ni kali kuliko ya kunywa, hii ni ya kuua vijidudu tu. Nikafungua kila koki ndani mpaka harufu ikatoka, nikafunga, nikaacha hadi kesho asubuhi. Maji hayo hayaendi karoni, maana humo kuna bakteria wanaofanya kazi yao. Kesho nitayamwaga kwenye sakafu ya uani, yakasaidie kule.

Jirani kaombwa asichote leo. Nimefunga koki ya nje kwa kamba na kuandika kwa makapeni: USINYWE.

Alhamisi, 6 Februari

Siku mbaya, na kosa ni langu.

Choo kilikuwa na magamba ya njano, nikampa kijana dawa ya choo ya asidi, nikamwambia amwagie ndani ya bakuli aache nusu saa. Sikumwambia awe mwangalifu na sakafu, kwa sababu kichwani mwangu kila mtu anajua. Aliona tarazo ya korido imefubaa, na chupa iko mkononi, akamwaga. Nilisikia mlio mdogo wa shhh, kama soda, nikatoka mbio.

Tarazo ni vipande vya mawe ya chokaa na marumaru vilivyoshikwa na saruji, kisha vikasuguliwa. Asidi inalikula jiwe la chokaa. Ule mlio ndio kuliwa kwenyewe. Siki na ndimu hufanya vilevile, polepole tu, na ndiyo maana ushauri wa kusafisha kila kitu kwa ndimu unaniudhi. Nikamwaga maji mengi, nikanyunyiza magadi kuituliza, nikasuuza tena. Limebaki doa lisilong'aa, ukubwa wa sinia, mbele ya mlango wa chumba cha Shangazi.

Kijana alikuwa anakaribia kulia. Nikamsimulia kisa changu cha Unguja: mwaka wangu wa kwanza nilimimina jiki juu ya dawa ya choo ya asidi ndani ya bafu lisilo na dirisha, ili "iwe na nguvu." Gesi iliyotoka ilinitoa ukumbini nikitambaa, nikakohoa siku tatu. Jiki na asidi hazikutani, jiki na dawa yenye amonia hazikutani. Tangu siku hiyo hubeba dawa moja, namaliza, nasuuza, ndipo nachukua ya pili. Leo chupa zote zimepangwa stoo, za asidi rafu ya chini, jiki ya juu, na karatasi imebandikwa kwenye kila moja: *choo tu*, *kuta na tangi*, *sakafu*.

Mchana nikapiga magoti na msasa wa maji. Nambari 400 kwanza, mviringo, kipande kimelowa muda wote, mpaka rangi ikawa sawasawa. Kisha 800, kisha 1500. Saa mbili na nusu kwa doa la sinia moja. Mng'ao umerudi kama sehemu tatu kwa nne. Ukisimama pembeni jua la jioni likiingia koridoni unaliona. Shangazi ataliona.

Sakafu iliyobaki: fagio, maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo isiyo na asidi, deki mbili, ya pili maji matupu. Tarazo inafubazwa zaidi na sabuni isiyosuuzwa kuliko na uchafu. Korido ilipokauka kijana akasema, "Kumbe ina vipande vyekundu." Ilikuwa navyo tangu 1978.

Jumamosi, 8 Februari

Nje. Gata kwanza. Tumezoa majani kwa mkono, mche wa mwarobaini umetoka na mzizi wake wote. Tukamwaga ndoo ya maji upande wa juu: yalifika katikati yakatulia. Gata lina tumbo. Kwa kipimo cha mpira wa maji tumelinyanyua, sasa kwa urefu wa mita 12 linashuka sentimita 6. Bomba la kushushia lilikuwa linamwaga maji shinani mwa ukuta, tumeliongezea kipande cha mita mbili.

Uani nilikodi mashine ya maji ya nguvu. Sikupaswa. Ule mchanga ulio kati ya vigae vya saruji uliruka wote, ukapita chini ya mlango wa jikoni, jikoni nililolimaliza. Nikaizima baada ya robo saa. Tukarudi kwenye njia ya kawaida: tukamwagilia maua maji matupu kwanza yashibe, jiki moja kwa maji tisa, robo saa, fagio la chelewa, suuza. Kijani chote kimeondoka. Mchanga tumeurudisha kwa ndoo.

Jumapili, 9 Februari

Mgongo.

Jumatano, 12 Februari

Nondo za madirisha. Watu hupaka rangi juu ya kutu kwa haraka, na hapa kwetu karibu na bahari kuna kosa la pili: kupaka juu ya chumvi. Chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta unyevu, rangi inatoa malengelenge ndani ya mwaka. Kwa hiyo ni brashi ya waya, msasa, kisha kuosha nondo kwa maji baridi, kukausha kwa kitambaa, kungoja jua, na rangi ya kuzuia kutu siku ileile. Ukilaza chuma kilichosuguliwa usiku mmoja hapa Raskazone, asubuhi kimeshakuwa cha machungwa. Tunafanya madirisha matatu kwa siku, yanayomalizika.

Mlango wa mbele ni mninga, umekaushwa na jua mpaka umekuwa kijivu. Kitambaa kilichokamuliwa vizuri, msasa kufuata njia za mti, kisha mafuta ya linsidi, tone kwa tone, kuyasugua yaingie na kufuta yanayobaki juu baada ya nusu saa. Wekundu wa mninga ulipanda mbele ya macho yetu, kijana akaita mama yake aje kuona.

Vitambaa vya linsidi havitupwi vikiwa vimekunjamana. Mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Tumevianika kimojakimoja kwenye kamba, mbali na ukuta.

Mchwa: nimevunja zile njia za udongo, ndani wamo. Fremu ikitobolewa kwa bisibisi inaingia kama mkate upande mmoja tu, mwingine mgumu. Jirani amependekeza oili chafu ya gari. Nimekataa kwa adabu. Inanuka, inachafua udongo, na mchwa wanazunguka. Fundi wa dawa ya mchwa atakuja, na kuni zilizoegemezwa pale tumezihamishia mbali.

Jumamosi, 22 Februari

Ukuta wa Shangazi umekaa wazi siku 19, feni ikizunguka kila umeme ukiwepo. Zile rangi nne nilizikwangua zote, maana rangi ya plastiki inaufunga ukuta kama mfuko. Unaona matabaka: pichi, kijani, maziwa, pichi tena. Chumvi ilipotoka niliipiga brashi kavu na kuizoa. Kuiosha kwa maji ni kuirudisha ndani. Ilitoka mara tatu, kila mara kidogo kuliko iliyotangulia.

Nailoni mpya niliibandika jana. Leo asubuhi: kavu nje, kavu ndani. Nikaigusa kwa ulimi kabisa ili niwe na hakika.

Siupaki rangi ya plastiki. Nimeroweka chokaa tangu juzi, imekaa uzito wa maziwa, nimechuja kwa kitambaa. Ukuta unaloweshwa kidogo, chokaa inapakwa nyepesi, inaonekana kama maji machafu tu na unadhani umeharibu kazi. Saa moja baadaye inaanza kuwa nyeupe yenyewe. Miwani lazima, tone la chokaa jichoni si mchezo. Leo mkono wa kwanza, kesho wa pili na wa tatu. Kuvu halipendi chokaa, na ukuta ukiwa na unyevu uliobaki utautoa.

Alhamisi, 27 Februari

Shangazi amefika na gari la mizigo, kapu la bilauri na jogoo. Amevua viatu barazani. Amepita sebuleni bila neno, akapita koridoni, akasimama mlangoni pa chumba chake, akatazama chini.

"Hapa pana nini?"

Nikamweleza. Akasema atatandika mkeka. Kisha akaingia, akauwekea ukuta kiganja, kama yule fundi. Akakitoa, akakitazama, kilikuwa na unga mweupe wa chokaa.

"Unachafua nguo huu."

"Unachafua kidogo, Shangazi. Usiegemee."

"Sasa nitaegemea wapi nikisoma Kurani?"

Tumehamisha kitanda ukuta wa pili.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza kubwa, saa nane usiku. Nilikuwa nimekuja kwa siku mbili. Nikatoka na tochi na mwavuli. Gata la magharibi linakimbia, maji yanatoka mita mbili kutoka ukutani kama tulivyotaka. Nikapanda darini: popo hakuna, misumari mipya mikavu. Nikaingia taratibu chumbani kwa Shangazi, alikuwa macho anangoja daku.

"Njoo tuone," akasema, akawasha taa.

Ukuta mkavu. Tukakaa kitandani tunaisikiliza mvua inavyopiga bati. Halafu tukasikia kingine, jikoni, tik, tik. Bati juu ya bomba la moshi la jiko la zamani, pale saruji iliposhikana na bati imepasuka. Nimeweka sufuria, nimeandika namba ya bati, fundi anakuja Jumatatu.